Karimjee si Jeevanjee, jamani

Tangu nimtaje Abdulkarim Karimjee, mfanyabiashara aliyekuwa meya wa Dar es Salaam miaka ya 1950, barua hazikatiki.

Ndugu mwandishi, huyo Karimjee ndiye mwenye ile bustani ya Nairobi? (Msomaji, Temeke)
Siye! Nimeshachoka. Bustani ni ya Alibhai Mulla Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi, mkandarasi wa reli ya Uganda. Karimjee wetu ni wa ukoo wa Karimjee Jivanjee, waliotoka Kutch wakaanza biashara Unguja karne ya 19. Wote Mabohora, yaani Waislamu wa Kishia wenye asili ya India, wanachofanana ni hicho. Soma herufi kabla ya kuandika.

Alipigiwa kura na nani? (Mwanafunzi, Morogoro)
Meya huchaguliwa na madiwani, hata leo. Enzi hizo mkazi wa Kariakoo hakuulizwa.

Tajiri mwenye mashamba ya mkonge alitafuta nini manispaa? (Baba Asha, Tanga)
Swali zuri. Leseni ya duka, kodi ya jengo, soko likae wapi, mtaro upite mtaa gani: yote hayo huamuliwa kwenye baraza, siyo dukani. Na mji wenyewe ulikuwa umekatwa vipande, Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, taa na lami zikifuata rangi ya ngozi. Mfanyabiashara asiyekuwa na mtu ndani husikia maamuzi yakishapita. Nairobi mambo yalikuwa hayo hayo, ndiyo maana Jeevanjee alipigania sauti hadi akaingia Baraza la Kutunga Sheria, wa kwanza asiye mzungu. Msiniambie walikuwa malaika. Wala msiniambie walifuata faida tu, maana mwenye kufuata faida tu hagawi ukumbi kama ule wa Karimjee pale Dar.

Huo ukumbi ni wa nani sasa? Mimi naujua kwa misiba tu. (Msomaji, Sinza)
Kweli, vijana wengi huujua kwa foleni ndefu juani ya kuaga miili ya viongozi. Lakini familia iliutoa kwa mji mwaka 1955, na Bunge la uhuru lilikaa humo humo. Mwenyewe Karimjee alikalia kiti cha Spika kabla ya Adam Sapi Mkwawa. Sasa sikilizeni, ingawa hamkuuliza: mali ya umma bila macho ya umma huliwa. Mwaka 1991 bustani ya Jeevanjee, nayo mali ya umma, ilinusurika kugeuzwa ghorofa la kuegeshea magari. Mjukuu wake, Zarina Patel, ndiye aliyesimama kidete. Mtaa wenu una uwanja wa mpira? Hati iko kwa nani? Kaulizeni kesho, msingoje mabati ya uzio.

Ni kweli hao akina Karimjee walijenga hospitali Unguja? (Bi. mmoja, Mwanakwerekwe)
Kweli, bibi. Mnazi Mmoja. Baada ya Mapinduzi ikaitwa V. I. Lenin. Kuta zilezile.

Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar ni nani? (Yuleyule wa Temeke)
Sheikh Kaluta Amri Abedi, 1960. Ndiyo, yule mshairi. Na hapana, hana bustani Nairobi.