Kujitolea wodini baada ya kubadilishiwa vali ya moyo

Dada yangu, umeeleza kwamba ni miezi minne tangu uwekewe vali ya chuma, na unauliza kama unaweza kurudi kuuza dagaa Mwaloni Kirumba na vilevile kujitolea kuwatia moyo wagonjwa wanaosubiri upasuaji.

Kuhusu dagaa, mfupa wa kifua huunga kwa takriban wiki 6 hadi 12, kwa hiyo daktari wako akiridhia uza, ila magunia waachie wabebaji.

Kuhusu kujitolea, pitia kwanza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, iwe Bugando au kwingineko, kwa sababu mgeni anayejiingiza wodini, hata mwenye nia njema, huwa mzigo kwa wauguzi. Ukikubaliwa, eleza yale uliyoyapitia mwilini mwako: namna ya kukumbatia mto kifuani unapokohoa, na ule mlio mdogo wa vali unaosikika usiku nyumba ikitulia, ambao mtu asiyeambiwa mapema anaweza kudhani ni hitilafu. Usimpangie mtu dozi. Akikuuliza kuhusu wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, mwambie kwamba mchicha na kisamvu haviachwi, bali huliwa kwa kiasi kisichobadilikabadilika, na kwamba dawa za mitishamba (ambazo, naona, wengi huzificha) lazima daktari azijue.

Ukiwa na mafua, usiende wodini. Ukipata homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwani maambukizi kwenye vali ya chuma ni hatari.