Uliza Fundi wa Besi: Pima Kabla Hujatoboa

Barua za safari hii nyingi zimetoka kwa wasomaji wanaojiundia gita la besi wenyewe au kubadilisha vipuri vya lile walilo nalo. Tumechagua sita. Maswali tumeyafupisha, majibu tumeyaacha na vipimo vyake vyote.

SWALI: Ndugu mafundi, nimenunua kiwiliwili ambacho hakijatobolewa matundu ya daraja (kipande kinachoshika nyuzi upande wa chini), na shingo ya freti 20 (vyuma vinavyogawa noti) kutoka kwa muuzaji mwingine. Rafiki yangu anasema nipime inchi 34 kutoka kijidaraja cha kichwani (kipande chenye mifereji ya nyuzi), nitoboe, nimalize. Ni kweli?

JIBU: Usitoboe bado. Inchi 34, yaani milimita 864, ni urefu wa uzi kutoka kijidaraja hadi pale uzi unapokaa juu ya tandiko lake, yaani kile kipande cha daraja kinachobeba uzi mmoja na kusogezwa mbele au nyuma. Skrubu za daraja hazikai hapo, ziko nyuma zaidi, na umbali huo hutofautiana kwa kila daraja.

Anza na shingo. Kitako chake huwa na upana wa karibu milimita 63, nacho kinapaswa kuingia kwenye kitundu cha kiwiliwili kwa kusukumwa kwa mkono, kisicheze kushoto wala kulia. Angalia pia matundu manne ya skrubu za shingo. Kwenye kiwiliwili skrubu ipite bila kuuma mbao. Iume kwenye shingo peke yake. Skrubu ikiuma pande zote mbili, utaikaza mpaka uchoke na bado patabaki mwanya mwembamba kati ya shingo na kiwiliwili, nawe utabaki ukilaumu pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) kwa sauti iliyopooza.

Shingo ikishakaa, pima kutoka kijidaraja hadi katikati ya freti ya 12. Kama shingo ni ya inchi 34 utapata milimita 432. Sasa chukua daraja, lisogeze tandiko la uzi wa G karibu mwisho wa mbele, libakize milimita 3 hivi za kusogea, kisha uliweke daraja ili tandiko hilo liwe milimita 432 kutoka freti ya 12. Matandiko mengine yatarudi nyuma: la E mara nyingi huishia milimita 4 hadi 6 nyuma ya la G. Uzi mnene ni mgumu, ukibonyezwa unapanda sauti kuliko mwembamba, ndiyo maana unahitaji urefu wa ziada. Mtu akifunga daraja huku matandiko yote yako katikati, siku ya kupima sauti hugundua kwamba la E limegota nyuma na noti ya freti ya 12 bado iko juu.

Kuna jambo moja zaidi, na hili ndilo linaloharibu besi nyingi za kuunda nyumbani: mstari wa kati. Libane daraja kwa utepe wa karatasi, vuta nyuzi mbili za pembeni, E na G, kutoka vikazio vya kichwani vinavyokaza nyuzi hadi kwenye daraja, kisha tazama freti ya mwisho. Nafasi kati ya uzi na ukingo wa shingo ilingane pande zote mbili. Daraja la kawaida la nyuzi nne huacha milimita 57 kati ya E na G, kwa hiyo kosa la milimita 2 tu linatosha kuufanya uzi wa G uteleze nje ya freti ukiuvuta. Ukiridhika, weka alama kwa msumari, toboa kwa keekee iliyo nyembamba kidogo kuliko skrubu, na ufunge kipande cha utepe kwenye keekee kuonyesha kina. Paka skrubu sabuni kavu au nta kabla ya kuikaza. Na kabla daraja halijalala, toboa njia ya waya wa ardhi kutoka chini yake hadi kwenye chumba cha volyumu. Hili husahaulika kila mara.

SWALI: Besi yangu ina priampu (kikuza sauti kidogo) ya ndani. Betri ya volti 9 inakwisha ndani ya siku chache. Je, priampu ni mbovu?

JIBU: Mara nyingi si priampu, ni jeki, lile tundu la kuchomekea waya. Jeki ya besi ya aina hii ni ya stereo: waya hasi wa betri umefungwa kwenye mguu wa katikati, na plagi ya kawaida ya mono inapoingia ndipo inapouunganisha na ardhi. Waya wa gita ndiyo swichi. Ukiuacha umechomekwa usiku kucha, priampu inafanya kazi usiku kucha. Ikiwa unauchomoa kila mara na bado betri inakufa, basi kuna mtu aliyefunga jeki ya mono, au ameulehemu waya hasi kwenye mguu wa ardhi moja kwa moja. Pitisha mkondo wa betri kwenye multimita upande wa miliampea: bila waya wa gita isome sifuri. Ukichomeka, priampu nyingi hula karibu miliampea 1 au chini yake, na kwa kiasi hicho betri ya alkali hudumu saa mia kadhaa.

SWALI: Nimeweka pikapu mpya mbili kwenye Jazz Bass (modeli ya besi ya Fender). Volyumu zote mbili zikiwa wazi kuna utulivu. Nikipunguza moja, inanguruma. Nikigusa nyuzi, ngurumo inapungua. Nirudishe pikapu dukani?

JIBU: Usirudishe. Dalili zote tatu ulizotaja ni za besi ambayo pikapu zake ni nzima.

Kila pikapu ya Jazz Bass ni koili moja (waya uliozungushwa kwenye sumaku), na koili moja hunasa ngurumo ya umeme wa nyumba. Seti za kisasa hutengenezwa ili koili moja izungushwe kinyume cha nyingine na sumaku zake zigeuzwe. Zikifunguliwa sawa, ngurumo hufutana huku sauti ya nyuzi ikijumlishwa. Ukipunguza moja, kufutana kunavunjika. Umbile hili ni la tangu besi hiyo ilipotoka mwaka 1960, na hakuna waya utakaoliondoa.

Lakini ule mlio unaopungua ukigusa nyuzi ni kitu kingine, na huo unatibika. Mwili wako unabeba umeme wa chumba. Ukigusa nyuzi unaumwaga kwenye ardhi. Kupungua kwake kunaonyesha kwamba waya wa daraja ni mzima, ila vyumba vya pikapu na volyumu havijafunikwa. Nunua utepe wa shaba wenye gundi inayopitisha umeme. Fungua vyumba, futa vumbi, bandika sakafu na kuta, vipande vipandiane kwa milimita 5. Usiamini gundi peke yake: weka tone la lehemu kwenye kila kiungo. Pandisha utepe kidogo juu ya ukingo ili uguse shaba au foili utakayobandika nyuma ya kifuniko. Unganisha kila chumba na ardhi kwa waya mmoja, kisha pima kati ya shaba na mguu wa ardhi wa jeki. Ukipata zaidi ya omu 1, kuna kiungo kilicholegea. Hakikisha pia waya moto wa pikapu (unaobeba sauti) na ncha za jeki hazigusi shaba. Zikigusa, besi inakuwa bubu, na hii ndiyo sababu ya kwanza ya besi kunyamaza mara baada ya kazi hii.

Shaba haizuii uga wa sumaku kutoka kwa transfoma. Kwa huo, geuza mwili wako pembe tofauti au sogea mbali na ampu. Asiyeweza kuvumilia kabisa anunue pikapu za koili mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine ndani ya umbo lilelile.

Na kama siku moja ukikuta pikapu zote mbili zikiwa wazi sauti inakuwa nyembamba, kama besi imeondolewa tumbo, badilishana nyaya mbili za pikapu moja tu. Zilikuwa zinapingana. Ukiwa ndani humo, volyumu za kiloomu 250 na kapasita ya nanofaradi 47 ndiyo mpangilio uliozoeleka. Volyumu za kiloomu 500 zitafanya sauti ya juu iwe kali zaidi, na kwa koili moja wengi huona imezidi.

SWALI: Nataka kushuka hadi B bila kununua besi ya nyuzi tano. Naweza kufunga B-E-A-D kwenye besi yangu ya nyuzi nne?

JIBU: Unaweza, na ni mradi mzuri wa kuanzia kwa sababu unarudi nyuma kirahisi ukinunua kijidaraja cha akiba. Chukua seti ya nyuzi tano, uache G. B ya unene wa 0.130 ya inchi haitalala kwenye mfereji uliochongwa kwa E ya 0.105. Utapanua mfereji huo kwa tupa ya mviringo, karibu milimita 0.6, upande kwa upande. Usiongeze kina. Mfereji ukishuka, uzi unagonga freti ya kwanza na kazi imerudi mwanzo.

Kunja uzi kwa pembe ya digrii 90 kwenye tundu la kikazio kabla ya kuukata, vinginevyo ule waya wa nje utafumuka na B itasikika imekufa tangu siku ya kwanza. Mvutano wa jumla mara nyingi hupungua, hivyo shingo itanyooka kupita kiasi. Legeza fimbo ya shingo (chuma cha ndani kinachoinyoosha) robo mzunguko, subiri, pima tena. Bonyeza freti ya kwanza na ile ya kwenye kiungo cha kiwiliwili, na kwenye freti ya 8 pabaki milimita 0.3 hivi chini ya uzi. Tandiko la B litarudi nyuma sana; likigota kwenye springi, toa springi au uikate.

Usitegemee kifua kizima cha B ya besi za kampuni ya Dingwall, ambayo uzi wake wa B una inchi 37 na G inchi 34. Kwa inchi 34 B hulegea kidogo, ila 0.130 hukaza vya kutosha kwa wengi. Kumbuka pia kwamba B hiyo ni Hz 31 na E ni Hz 41. Spika ndogo haziitoi hiyo Hz 31. Unachosikia ni sauti zake za juu. Kuongeza besi kwenye ampu ili uipate kunachosha spika tu.

SWALI: Nataka kung'oa freti. Nifanye nini ili nisiharibu ubao wa vidole?

JIBU: Kwanza, kama shingo imefungwa kwa skrubu, nunua shingo ya pili ya bei nafuu na uifanyie kazi hiyo. Kurudisha freti ni kazi ngumu kuliko kuzing'oa.

Pasha kila freti kwa chuma cha kulehemu sekunde 10 hadi 20 ili gundi ilegee. Tumia koleo lenye mdomo bapa, anza pembeni, bana na kubembeleza badala ya kuvuta juu. Vibanzi vikiinuka, vigandishe palepale kwa supagluu kabla havijapotea. Mifereji huwa na upana wa karibu milimita 0.6. Ijaze kwa vinia (ubao mwembamba sana) ya unene huohuo, nyeupe kama unataka mistari ionekane. Ipenye kwa kusukumwa na kidole. Ikihitaji nyundo imezidi unene, na vipande 20 vilivyopigwa kwa nyundo ni kabari 20: vitaupinda ubao kwenda nyuma mpaka fimbo ya shingo isiweze kuurudisha. Siku inayofuata kata vinia kwa wembe, nyoosha shingo, na upige msasa wa 120, 220, 400 hadi 600 juu ya kibao chenye mviringo ule ule wa ubao wako.

Freti zilikuwa na kimo cha karibu milimita 1, kwa hiyo mifereji ya kijidaraja nayo ishuke, mpaka kati ya uzi na ubao ipite karatasi mbili au tatu tu. Matandiko yakigota chini, weka kipande chembamba cha mbao kwenye kitundu cha shingo, kifunike sakafu yote. Nyuzi za waya bapa zinautunza ubao wa rozwudi. Za mviringo huuchimba mifereji. Ukizipenda za mviringo, paka epoksi ngumu, kama mpiga besi Jaco Pastorius alivyoifanyia Jazz Bass yake kwa epoksi ya mashua, na uiache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Ukianza kupiga, kidole kikae juu ya mstari wenyewe. Kwenye freti tulizoea kubonyeza nyuma yake.

SWALI: Besi niliyounda inaelemea upande wa kichwa nikiiachia. Niongeze uzito kwenye kiwiliwili?

JIBU: Hapana, punguza kichwani. Gramu chache mbali na kiunoni zina nguvu kuliko gramu hizohizo karibu na daraja. Badilisha vikazio vinne viwe vyepesi, mfano Hipshot Ultralite, baada ya kupima kipenyo cha matundu, maana yako ya aina mbili tofauti kwa wingi. Kisha tazama kitufe cha mkanda cha juu: kama pembe ya kiwiliwili haifiki usawa wa freti ya 12, kihamishe au tumia mkanda mpana wa ngozi upande wa suedi.