Kadi Inayosomwa kwa Sauti

Mama yangu hajui kusoma, na yeye ndiye ninayemwandikia kadi kuliko mtu mwingine yeyote. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninapowahimiza marafiki zangu hapa Kampala wawaandikie wazazi wao, jibu la kwanza huwa ni hilo: mzee wangu hasomi, au macho yake yamechoka. Mimi naona hiyo ndiyo sababu ya kuandika.

Mama yuko Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Sisi ni watoto wa kambini. Baba alikuwa askari, na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha na majirani waliotoka kila pembe ya nchi. Alipohamishiwa kambi nyingine bila sisi, barua zake zilifika kwa mkono wa askari yeyote aliyekuwa anakuja likizo, na kaka yangu ndiye aliyezisoma. Tulikaa mkekani sote. Kaka akimaliza, Mama alimwambia, "Rudia pale katikati." Wazee walisema waraka ni nusu ya kuonana, na nyumbani kwetu nusu hiyo tuliigawana watu saba.

Simu napiga, tena mara nyingi. Lakini simu ikikatika imekatika, na Mama hawezi kumwambia mtu airudie kesho jioni. Kadi anaweza.

Nilipoanza, nilikosea jambo moja. Kadi zangu ni ndogo, kama sentimita 15 kwa 10. Nikaona zile salamu tulizofundishwa shuleni, salamu nyingi kama nyota za angani, mimi ni mzima hofu ni kwako, zitaimaliza kadi nzima. Nikazikata zote, nikaingia moja kwa moja kwenye habari. Kadi ilipofika, mtoto wa kaka yangu akaanza kumsomea. Mama akamzuia: "Anza juu. Mbona hajanisalimia?" Mtoto akamwambia juu hakuna kitu. Usiku ule Mama alinipigia kuniuliza kama nina hasira naye.

Tangu siku hiyo mstari wa kwanza ni salamu, na wa mwisho ni majina ya watu wa kusalimiwa: mama wa nyumba ya pili, mzee wa msikitini, binti anayemsaidia kuchota maji. Usiyadharau majina hayo. Mtu akiambiwa ametajwa kwenye kadi iliyotoka Kampala, huja mwenyewe kusikia. Kadi moja ya Mama huwa inasomwa mara tatu au nne kabla haijawekwa, na kila mara kuna chai.

Katikati weka jambo moja tu, dogo, linaloonekana kwa macho. "Nimepika bamia kama ulivyonifundisha, na safari hii nilikumbuka kutia limau." "Nimepita soko la Owino nikaona leso yenye rangi ya ile uliyovaa siku ya harusi ya kaka." Nakupenda sana na nakutakia kila la heri ni maneno mazuri, ila yanapita sikioni haraka. Bamia inabaki. Wiki mbili baadaye utaulizwa kama ilibaki ya kesho yake.

Na kwa kuwa msomaji ni mtoto, na majirani wamekaa, siri haiandikwi wazi. Kuna mwaka Mama alinikopesha pesa za kodi ya nyumba, na hakutaka mtu ajue. Nikaandika: "Ile sufuria uliyoniazima naisugua, mwisho wa mwezi itarudi inang'aa." Mtoto akasoma sufuria, majirani wakasikia sufuria, Mama akatabasamu peke yake. Furaha ya namna hiyo, ya wawili kuelewana katikati ya watu kumi, sijaipata kwenye ujumbe wowote wa simu. Kila familia ina mafumbo yake. Yatumie.

Ukimaliza, isome kwa sauti kabla hujafunga bahasha. Ukiishiwa pumzi kabla ya nukta, mtoto wa darasa la tatu ataishiwa zaidi. Herufi ziwe kubwa, zisiungane.

Kuhusu karatasi sina mengi. Mimi huenda Nasser Road, kwa wachapishaji, naomba vipande vya manila vinavyobaki baada ya kukata kazi za watu. Vinatosha kabisa. Wakati fulani nilianza kubandika kipande cha lubugo, ile nguo ya gome la mti wa mutuba, maana nilijua UNESCO iliutambua ufundi wake mwaka 2005, nami nilitaka kadi yenye kitu cha hapa kwetu. Jirani yangu hapa Mengo, mama wa Kiganda, aliniona naandaa ya kumpelekea mgonjwa. Akanishika mkono. "Mwanangu, hiyo kwetu ndiyo tunayomzikia mtu." Ni nguo ya heshima kubwa, huvaliwa hata kwenye kutawazwa kwa Kabaka, mfalme wa Buganda, lakini nilimwelewa. Kwa mgonjwa nikachora ua. Ukitaka kupamba kadi ya mtu wa kabila jingine, uliza kwanza.

Nisiache kumtaja mtu anayeona haya kutuma kitu kilichotengenezwa nyumbani. Stempu za kwanza za nchi hii, mwaka 1895, zilipigwa kwa taipureta na mmisionari Ernest Millar, kwenye karatasi nyepesi, kisha zikakatwa moja moja. Bei yake ilikuwa kwa kauri, yale makombe madogo ya baharini yaliyotumika kama pesa, wakati kauri 200 zilikuwa sawa na rupia moja. Ndiyo maana mpaka leo Waganda huita pesa ensimbi, jina lile lile la kauri. Kama posta yenyewe ilianza hivyo, kipande chako cha manila kina haki ya kusafiri.

Kufikisha ndiko kunakohitaji akili. Kwa wengi wetu tarishi haji mlangoni. Barua inaishia kwenye sanduku la posta, na watu wengi hawana sanduku. Kwa hiyo omba namba ya sanduku la shule, msikiti au kanisa lililo karibu na mtu wako, na umwombe ruhusa mwenye sanduku. Kwa shangazi yangu aliye Mombasa natumia posta. Kwa Mama natumia basi. Napeleka bahasha ofisi ya vifurushi jioni, jina na namba ya simu ya mpokeaji juu kwa herufi kubwa, nachukua risiti. Basi linavuka mto Nile pale Karuma, linauvuka tena pale Pakwach, na asubuhi mtoto anatumwa stendi.

Machi 2020 mabasi yalisimamishwa kwa sababu ya korona, na shule zikafungwa. Niliendelea kuandika, nikaziweka. Wilaya za mpakani zilichelewa zaidi kuruhusiwa, hivyo mabasi ya Arua yaliporudi nilikuwa na kadi kumi na nne. Nilizituma zote pamoja. Mama akakataa zisomwe kwa siku moja. Akaamuru moja kila jioni, baada ya Magharibi, kama dozi. Mtoto alikuwa nyumbani tu, na madarasa ya chini hayakufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, kwa hiyo zile kadi zikawa ndiyo somo lake. Kadi ya kwanza alikwama kwenye "ng'ombe". Kufikia ya kumi, Mama aliniambia, alikuwa anaigiza sauti yangu.

Jibu lilikuja na basi, ukurasa wa daftari uliokunjwa ndani ya mfuko wa simsim. Maneno ya Mama, mwandiko wa mtoto. Chini kabisa, kwa herufi ndogo zaidi, alikuwa ameongeza la kwake: "Shangazi, kadi zote ni za Bibi. Yangu iko wapi?"

Niliiandika usiku ule ule, nikaitia kwenye bahasha yake peke yake, jina lake juu. Mama anasema hiyo hakuisoma kwa sauti.