Maswali na majibu: Kigeuzi hakiongezi ushahidi

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja. Mtu amepima utendaji wa programu yake kwa zana fulani, sasa anataka kuyatoa mafaili kwenye umbizo la zana hiyo na kuyaweka kwenye umbizo ambalo wenzake nao wanaweza kulifungua: JSON ya treisi (rekodi ya matukio na saa zake) ya Chrome, treisi ya Perfetto (zana ya kuonyesha treisi), au kitu ambacho Firefox Profiler itakikubali. Nachukulia kwamba msomaji anaijua perf (zana ya Linux ya kupima utendaji) na anajua kusoma rundo la miito (orodha ya funkisheni zilizoitana). Naanza na swali lililorudiwa kuliko yote.

Nina profaili ya pprof (muhtasari wa sampuli za utendaji) kutoka huduma yetu iliyoandikwa kwa lugha ya Go. Nataka kuiona kwenye mstari wa wakati ndani ya Perfetto. Nitumie kigeuzi gani? (Mhandisi, Dar es Salaam)

Hakuna, na ukikutana na kigeuzi kinachodai kuifanya kazi hiyo, kikimbie. Profaili ya kichakataji ya Go huchukua sampuli 100 kwa sekunde, na ukiiomba kupitia /debug/pprof/profile bila kutaja muda, hukusanya kwa sekunde 30. Kisha sampuli zenye rundo moja la miito hujumlishwa. Faili linabaki na saa ya kuanza, muda wa jumla na hesabu za kila rundo. Lini kila sampuli ilichukuliwa, hilo limekwisha kutupwa. Ni sawa na mwenye duka aliyeandika jumla ya mauzo ya mwezi kisha akachana kurasa za kila siku: umwulize alivyouza Jumanne, atakujibu nini?

Nimeona skripti zinazopanga marundo hayo kando kwa kando, zikayapa saa za kubuni, zikatoa JSON safi kabisa. Perfetto inaifungua bila kulalamika. Mtu anaitazama na kusema, "Kumbe usimbaji ulianza baada ya kusoma hifadhidata." Haukuanza baada wala kabla, mpangilio huo ni wa skripti. Kosa hili ni ndugu wa lile la kusoma mchoro wa miali ya moto (flame graph, mchoro wa marundo ya miito) kutoka kushoto kwenda kulia kana kwamba ni saa. Brendan Gregg alipoubuni mwaka 2011 aliyapanga marundo kwa alfabeti ili yanayofanana yaungane. Upana ndio unaosema kitu, nafasi haisemi.

Unachokitaka kipo, ila kinaitwa runtime/trace. Omba /debug/pprof/trace kwa sekunde tano, ufungue kwa go tool trace. Humo kila tukio lina saa yake tangu liliporekodiwa.

Ombi la milisekunde 3 linaonekana limechukua sekunde 3. Kasoro iko wapi? (Nairobi)

Umeandika nanosekunde mahali pa mikrosekunde. Kwenye JSON ya Chrome, ts (saa ya tukio) na dur (muda lililochukua) ni mikrosekunde siku zote. Gawanya kwa 1000. Na displayTimeUnit haikuokoi, ndugu yangu: inabadilisha maonyesho tu, haigusi maana ya namba ulizoandika.

Meneja ananiuliza funkisheni yetu ya kukagua saini iliitwa mara ngapi. Nimegeuza data ya perf kuwa vipindi vya mwanzo na mwisho, nikahesabu vibanzi: 212. Nimpe hiyo namba? (Dada wa Kampala)

Usimpe, dada. Hili ndilo linaloniuma kuliko mengine yote, maana namba ya namna hii ikishaingia kwenye ripoti, haitoki tena.

Perf ilipiga picha kila baada ya muda fulani. Ukirekodi kwa 99 kwa sekunde, kila picha inasimama badala ya milisekunde kumi hivi. Kigeuzi kinapoona funkisheni ileile katika picha mbili zinazofuatana, kinaziunganisha kuwa kibanzi kimoja chenye mwanzo na mwisho. Lakini kati ya picha hizo mbili, funkisheni ya mikrosekunde 200 ingeweza kuitwa, kumaliza na kuitwa tena karibu mara hamsini. Au ilikuwa mwito mmoja mrefu. Data haijui, na kigeuzi hakiwezi kujua kuliko data. Kwa hiyo 212 ni idadi ya vibanzi ambavyo kanuni ya kuunganisha ilivizaa. Badilisha kasi ya sampuli uone inavyoruka.

Kuna na lingine ambalo hukuuliza. Urefu wa kibanzi hicho unaficha muda ambao uzi (mfuatano mmoja wa kazi ndani ya programu) haukuwa kwenye kichakataji kabisa. Sampuli za kichakataji hazipigwi uzi ukiwa umelala unasubiri diski au kufuli. Kigeuzi kikikutana na pengo, ama kinaliacha wazi, ama kinalifunika kwa kuunyoosha mwito wa kabla. Soma msimbo wa kigeuzi chako ujue kinafanya lipi. Kisipolitaja popote, tafuta kingine.

Linalofaa kumwambia meneja ni sehemu: "Katika sampuli zote, asilimia kadhaa ziliikuta funkisheni hii ikiendesha." Akitaka idadi ya miito, weka kihesabio ndani ya msimbo, au tumia uprobe (njia ya Linux ya kunasa kila mwito). Na ukishiriki sampuli na wenzako, ziache zionekane kuwa sampuli. Firefox Profiler inazijua hivyo, Perfetto nayo ina mahali pake ndani ya umbizo lake. Hakuna sababu ya kuzivika vazi la B na E, alama za mwanzo na mwisho wa kipindi.

Nimefungua faili, mahali pa majina ya funkisheni naona namba tu na [unknown]. (Wengi)

Nimelijibu hili mara nyingi mno, na bado watu wanatuma picha ya skrini bila kueleza walirekodi wapi na kugeuza wapi. Yote mawili ni lazima.

Faili la perf.data linabeba anwani na vitambulisho vya ujenzi (alama ya kila toleo la programu). Majina yanatafutwa wakati wa kusoma, kwenye programu zilizoko katika mashine unayosomea. Ukirekodi kwenye seva ukageuza kwenye kompyuta yako ya mkononi, perf script (amri inayoandika sampuli kama maandishi) inatafuta maktaba ambazo huna, au ulizo nazo za toleo jingine. Dawa ni kugeuza palepale uliporekodi, au kuendesha perf archive kwenye seva na kufungua kifurushi chake ndani ya ~/.debug kwako.

Kama ni Node au Java, msimbo unazaliwa ndani ya kumbukumbu na hauna faili la kutafutia. Node inahitaji --perf-basic-prof ili iandike ramani ya majina ndani ya /tmp. Python tangu 3.12 ina -X perf. Na kama programu iko kwenye kontena, ramani hiyo imeandikwa kwenye /tmp ya kontena, kwa namba ya mchakato ya ndani ya kontena. Hapo ndipo wengi wanapopotelea.

Majina yakiwepo lakini marundo yakawa mafupi, yamekatika baada ya ngazi moja au mbili, hilo ni tatizo tofauti: programu ilijengwa bila vielekezi vya fremu (anwani zinazounganisha ngazi za rundo). Jenga kwa -fno-omit-frame-pointer. Fedora 38 ya mwaka 2023 na Ubuntu 24.04 zimevirudisha kwenye vifurushi vyake kama kawaida, na naona huo ni uamuzi bora. Kutumia --call-graph dwarf kunawezekana, ila kila sampuli inanakili baiti 8192 za rundo, na faili linavimba hadi linachosha kulibeba.

Usigeuze kwanza ukatafuta majina baadaye. JSON ikishaandikwa na namba tupu, vitambulisho vya ujenzi mara nyingi havikuandikwa pamoja nazo.

Nina treisi ya programu yangu ya Python na data ya perf ya dakika hiyohiyo. Nimeziunganisha kwenye faili moja lakini haziko pamoja, moja iko mbali kabisa. (Mombasa)

Ni saa mbili tofauti. Programu yako imetumia time.time(), yaani saa ya ukutani, inayohesabu tangu mwaka 1970. Perf usipoiambia neno inatumia saa ya ndani ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi), ambayo haihesabu tangu mwaka huo. Rekodi upya kwa perf record -k CLOCK_MONOTONIC, na upande wa Python tumia time.monotonic_ns(). Ukigeuza, ongeza --ns kwenye perf script, kwa sababu bila hiyo inakukatia saa kwenye mikrosekunde.

Wengi huchukua njia ya mkato: wanatafuta tukio moja linaloonekana pande zote mbili, wanapima tofauti, wanasogeza upande mmoja. Kwa saa ya ukutani usifanye hivyo. NTP (huduma ya kurekebisha saa kupitia mtandao) inaweza kuirekebisha katikati ya rekodi, na tofauti uliyopima mwanzoni ikawa si ile ya mwisho. Kwenye simu na kompyuta za mkononi kumbuka pia kwamba CLOCK_MONOTONIC husimama mashine ikilala, lakini CLOCK_BOOTTIME huendelea. Perfetto ndiyo pekee niliyoitumia inayolichukulia jambo hili kwa uzito: treisi yake inabeba usomaji wa saa kadhaa uliofanywa kwa pamoja, kisha inazitafsiri saa hizo zenyewe kwa zenyewe.

Jambo la mwisho, ukiandika JSON: punguza saa ya kuanza kutoka kila ts kabla ya kuandika. Vivinjari huhifadhi namba kwa usahihi wa biti 53. Nanosekunde tangu 1970 zimeshapita kiwango hicho, na hatua kati ya namba moja na inayofuata inakuwa nanosekunde 256. Matukio mafupi yanaangukia saa moja, na wewe unadhani programu ina kasi ya ajabu.

Vipindi vya maombi ya Node vinapandana, vingine vinatokea ndani ya maombi yasiyohusiana navyo. (Kigali)

Umeweka yote kwenye tid (namba ya uzi) moja kwa aina X (kipindi kamili chenye mwanzo na urefu). Kwenye uzi mmoja vipindi vya X lazima viingiane kikamilifu, kimoja ndani ya kingine. Maombi yanayopishana yaandike kwa b na e (mwanzo na mwisho usiofungwa na uzi), kila ombi na id yake.

JSON au protobuf? (Arusha)

JSON kwa skripti ya jioni moja. Kwa kitu ambacho timu itakitegemea, andika treisi ya Perfetto, ambayo ni protobuf (umbizo la baiti badala ya maandishi). Jina linahifadhiwa mara moja badala ya kurudiwa kila tukio, namba nzima hazipotezi tarakimu, na unaweza kuihoji kwa SQL kupitia trace_processor. Watengenezaji wa Perfetto wenyewe wanaiita JSON umbizo la urithi. Lolote utakalochagua, faili la asili lihifadhi kando, pamoja na amri kamili uliyorekodia. Nimechoka kupokea treisi iliyogeuzwa ambayo hakuna anayejua kasi yake ya sampuli.

Naweza kukutumia faili letu la seva ya malipo ulitazame? (Bila jina)

Hapana, na usimtumie mtu yeyote kabla hujalikagua. Kichwa cha perf.data kina jina la mashine na amri uliyoandika. Kama nenosiri lilipitishwa kama hoja ya programu uliyoianzisha kwa perf record, limo. Treisi za programu hubeba anwani kamili za maombi, na ndani yake tokeni, namba za simu za wateja, wakati mwingine hata vipande vya hoja za SQL. Speedscope (kitazamaji kingine cha profaili) na Perfetto husoma faili ndani ya kivinjari chako bila kulipeleka kokote, lakini popote penye kitufe cha kushiriki, ukikibonyeza nakala inaweza kupanda kwenye seva ya mtu mwingine. Firefox Profiler nayo ina hatua ya kupakia. Soma kile dirisha linachokuuliza kabla ya kukubali.

Rekodi upya kwenye mazingira ya majaribio, kwa data ya kubuni, sekunde kumi tu zinazoonyesha tatizo. Kisha endesha grep ya "token", "password" na "255" (mwanzo wa namba za simu za Tanzania) juu ya faili lililogeuzwa. Likitoka tupu, nitumie hilo, na amri ya kurekodi.