Madaktari wawili, majina mawili: nilivyomjibu dada wa Tanga

Juzi usiku dada mmoja wa Tanga aliniandikia. Mwanawe ana miaka minne, hasemi. Daktari wa kwanza kamwambia ni usonji (autism), ile hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa kuongea na kuchangamana na watu, wa pili kamwambia aache wasiwasi, watoto wa kiume huchelewa. "Dada, nimwamini nani?" Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta naandika mpaka adhana ya alfajiri. Nayaleta hapa kwa sababu wengi mnaonisoma mnakitaka kile nilichokitaka mimi: karatasi yenye jina moja, na mtoto atakayeingia darasa la kwanza pamoja na wenzake.

Majina mimi nimeyakusanya. Mwanangu alisema "maji", "baba" na "gari" akiwa na mwaka na nusu. Alipofika miaka miwili na nusu maneno yalikuwa yamekwisha. Nesi wa kliniki akasema mtukutu tu. Mama mkwe akasema maruhani, tukamnywesha kombe siku saba. Kipimo cha masikio kikatoka safi. Kisha daktari mmoja, macho yakiwa kwenye simu yake, akaniambia tatizo ni mimi: nashinda Kariakoo nauza vitenge, mtoto hana wa kuongea naye. Miaka tisa sasa, na nikipita barabara ile bado natazama upande wa pili. (Baadaye nilisoma kwamba huko Marekani mtaalamu wa saikolojia, Bruno Bettelheim, aliwahi kutangaza kuwa usonji unaletwa na ubaridi wa mama. Nadharia hiyo ilitupwa zamani. Daktari wangu hakuipata habari.)

Ndipo wifi yangu wa Uingereza akanitumia neno Asperger. Usonji wa watu wenye akili, akasema. Mfa maji haachi kutapatapa, nikalishika. Nikamwambia shangazi, nikamwambia ustadhi wa madrasa. Naona haya kusema hili, lakini kwenye foleni ya mazoezi nilikuwa nakaa mbali na kina mama ambao watoto wao walivaa nepi wakiwa wakubwa. Mimi wangu ni Asperger!

Kumbe jina hilo, lililoingia kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1994, lilikuwa na sharti: mtoto asiwe amechelewa kusema. Wangu hakuwa amebakiwa na neno hata moja. Na mwaka 2013 lilifutwa, yote yakawekwa chini ya usonji mmoja wenye ngazi tatu, kulingana na msaada anaouhitaji mtu. Nilikuwa natamba na jina lisilo la mwanangu, tena lililokwisha kufutwa. Mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech akaonyesha kwamba Hans Asperger mwenyewe, daktari wa watoto wa Vienna ambaye jina hilo lilitokana naye, aliandika rufaa za kupeleka watoto Am Spiegelgrund, kituo cha Vienna ambako Wanazi waliua watoto wenye ulemavu. Sikulitamka tena.

Wapo wanaoshukuru kwamba yote yameunganishwa. Mimi sishukuru. Kwenye kundi letu yuko kijana anayebishana kuhusu Simba na Yanga kwa lugha mbili. Wangu ana miaka kumi na miwili, namwogesha, na jenereta ya jirani ikiwaka hujing'ata mkono mpaka damu. Karatasi zao zina neno lilelile. Mwaka 2021 jopo la wataalamu walioandika kwenye jarida la kitabibu la Lancet walipendekeza wanaohitaji uangalizi usiku na mchana wawe na jina lao, tuseme usonji mzito. Watu wazima wenye usonji wengi walipinga, wakasema ni kuwagawa na kuwadharau. Nawasikia. Ila wao wana mdomo wa kupingia.

Sasa dada, usimchague daktari. Nunua daftari. Andika siku aliyosema neno, siku lilipopotea, anachokikimbia, anachokipenda. Mrekodi kwa simu akiwa nyumbani, maana hospitalini watoto hubadilika. Wakikupa dodoso, kumbuka hilo ni chekeche tu, hukumu bado. Lile la maswali 20, liitwalo M-CHAT-R, ni la watoto wa miezi 16 hadi 30, wako amelipita. Na maswali mengine yametungwa kwingine: mimi niliulizwa kama mtoto anamlisha mwanasesere, wakati nyumbani kwetu hakujawahi kuwa na mwanasesere. Niliulizwa pia kama anatazama watu wazima machoni, jambo ambalo bibi yake angemchapia kofi. Eleza hayo kwa sauti.

Wakiandika usonji, usitoke chumbani. Orodha mpya ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, iliyoanza kutumika mwaka 2022, inataka daktari ataje pia uwezo wa akili na wa lugha wa mtoto. Mwombe ayaandike yote mawili. Mwalimu wa kitengo maalumu atayahitaji hayo kuliko lile jina. Na daftari, dada, daftari. Na nyie wengine acheni kuwafungia watoto chumbani wageni wakija! Mimi nimefanya hivyo sikukuu mbili, najua ninachosema.

Leo asubuhi amenijibu. Miadi ni Alhamisi, nauli bado anaitafuta, na kurasa mbili zimeshajaa.