Fumba jicho moja ulitazame bawa kabla hujalikata

Bawa la kwanza nililiharibu mwenyewe. Lilikuwa la modeli ya plastiki ya Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, skeli ya 1/24, yaani ndogo mara 24 kuliko ndege ya kweli, nililetewa na binamu yangu aliyekuja likizo kutoka Uingereza. Nilipoliweka juu ya mchoro nikaona ncha imekuwa butu, nikachukua msasa pale pale. Kushoto nikasugua usiku, kulia nikasugua asubuhi. Nilipomaliza, ndege ilikuwa kama kuku aliyepunguzwa bawa moja asiruke ua.

Sasa hivi msasa siushiki mpaka nipige hesabu. Spitfire za mwanzo, kutoka ncha hadi ncha, ni mita 11.23. Gawa kwa 24, unapata sentimita 46.8. Maana yake milimita moja ya modeli ni sentimita 2.4 za ndege yenyewe. Ncha ikizidi milimita moja, ukishapaka rangi hapana atakayejua. Lakini ukingo wa nyuma ukiwa na unene wa milimita moja, hapo umeiundia ndege mbao badala ya bati, na hilo mtu analiona tangu mlangoni. Wengi wetu tunahangaika na umbo la kutazamwa kwa juu, na ubaya uko kwenye unene.

Hata hivyo umbo la juu lina raha yake. Bawa la Spitfire ni duaradufu, ila si moja: ni nusu mbili zilizounganishwa, ya mbele nyembamba, ya nyuma nene. Ndiyo maana ukingo wa mbele unakwenda karibu na mstari ulionyooka na wa nyuma unajaa. Ukiona modeli ambayo kingo zote mbili zimepinda sawasawa, imekosewa. Njia ya kupima nilifundishwa na seremala jirani yangu, anayechonga meza za umbo la yai. Anapiga misumari miwili, anafunga uzi, anatia penseli ndani ya uzi na kuizungusha. Mimi nafanya hivyo hivyo kwenye kadi. Kutoka msumari mmoja kwenda kwenye penseli na kurudi msumari wa pili, uzi uwe sentimita 46.8, kwa nusu zote mbili. Kinachobadilika ni misumari: ukiisogeza karibu duaradufu linanenepa, ukiitenga linakonda. Bawa la kweli halifuati duaradufu kwa ukamilifu, hasa nchani, lakini kadi hiyo itakuonyesha kosa limeanzia wapi. Ikate, itumie kushoto, kisha igeuze uitumie kulia. Kadi moja, si mbili.

Palipopungua usijaze kwa pati ya magari. Kwenye ukingo mwembamba inabanduka kama ganda la kidonda, na wakati wa masika hapa Unguja inakaa siku mbili haijakauka vizuri. Bandika kipande cha plastiki. Chombo cha mtindi kikiwa na namba 6 ndani ya pembetatu chini yake, hiyo ni polistirini, jamaa moja na plastiki ya modeli nyingi, na gundi yake inakubali. Mianya midogo nachanganya supaglu na poda ya mtoto. Ila ukishaitia isugue siku ile ile. Ukilala nayo, kesho inakuwa ngumu kuliko plastiki yenyewe na msasa utakula pembeni uiache yenyewe imesimama.

Kupunguza unene, sugua kwa ndani. Nasisitiza, kwa ndani, kabla hujaunga pande mbili za bawa, la juu na la chini. Gundisha msasa namba 240 juu ya kioo, lilaze pande la bawa, upande wa ndani uguse msasa, uzungushe kidole juu ya ukingo wa nyuma tu. Ukisugua kwa nje mistari ya bati na ribiti zinafutika, na kuzirudisha moja moja kwa sindano ya cherehani ni adhabu. Mimi nilizirudisha mia na kitu, nikaapa. Tia maji, vumbi lisipande puani.

Kosa lililonipita kabisa aliliona mjomba wangu wa Nungwi, ambaye ameunda majahazi tangu mimi sijaingia skuli. Nilimwonyesha bawa nililoliunga, nikalisifia. Akalichukua, akafumba jicho moja, akalitazama kutoka shinani, linapoungana na kiwiliwili, kwenda nchani kama anavyotazama ubao.

"Limenyooka hili," akasema.

"Ee mjomba, nimelinyoosha."

"Ndo ubaya wake, mwanangu. Kitu kinachopita kwenye upepo hakinyooki hivi."

Nikarudi kusoma. Kweli: bawa la Spitfire shinani limeinua uso nyuzi 2 za pembe, nchani limeinama nusu nyuzi. Limesokotwa nyuzi mbili na nusu, ili ndege ikipungua mwendo shina lipoteze nguvu kwanza na ncha ibaki inashika hewa, rubani aweze kuitawala. Kwenye modeli, mahali bawa lina upana wa sentimita 5, msokoto huo ni kama milimita 2. Bawa langu halikuwa nao hata kidogo.

Dawa yake ni kuusokota wakati wa kuunga. Pande mbili zikiwa mbalimbali zinapinda ovyo, kama kasha lisilo na kifuniko. Zikishashikana hazigeuki tena. Kwa hiyo lilaze bawa mezani, weka kipande cha milimita 2 chini ya ukingo wa nyuma nchani, bana kwa tepu, tia gundi, liache siku nzima. Pima la pili kwa kipande kile kile. Ukishakosea kama mimi, itabidi upasue mshono.

Halafu kuna kuinuka kwa mabawa kutoka kiwiliwilini, nyuzi 6. Ikipotea nyuzi moja tu, kwa bawa la sentimita 20 ncha inashuka milimita tatu na nusu. Nimekata vipande viwili vya kadi vyenye pembe hiyo, bawa linalala juu yake mpaka gundi ishike.

Hivi sasa ndege iko juu ya kabati, imepakwa rangi ya kijivu ya kwanza. Nilidhani nimemaliza. Juzi umeme ukakatika baada ya Isha, nikawasha tochi ya simu nitafute kibiriti, mwanga ukalipitia bawa kwa ubavu, nikaona bonde la upana wa kidole karibu na ncha ya kushoto. Mchana halionekani. Nimeshaloweka msasa namba 400.