Ufunguo Anao Nani? Kwa Anayetaka Kufungua Kibanda cha Gemu

Wiki mbili zilizopita Afande mmoja mstaafu aliingia kibandani kwangu hapa Bombo, mji wa kambi ya jeshi nchini Uganda, akavuta benchi, akawatazama vijana wakicheza mpira kwenye skrini mpaka mechi tatu zikaisha. Kisha akaniambia, "Kijana wangu, nina pesa kidogo za kiinua mgongo. Nataka kumfungulia mwanangu kibanda kama hiki. Ninunue mashine gani?"

Nilimwagizia chai kwanza. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja katika kazi hii, na swali lake huwa naulizwa kila mwezi. Wengi hutaka nitaje jina moja waondoke. Mimi huwarudishia swali: siku mashine itakapogoma, ufunguo wa kuifungua atakuwa nao nani? Wewe mwenyewe, fundi wa hapa mjini, au kampuni iliyo ng'ambo ya bahari isiyojua hata kama Bombo ipo? Ukishajua hilo, jina la mashine litakuja lenyewe.

Nilianza na PlayStation 2 mbili za mtumba, mashine za gemu za kampuni ya Sony. Mashine hiyo ilitoka Japani Machi 2000, na zimeuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Hadi 2013 bado ilikuwa ikitolewa michezo mipya ya mpira. Ya kwanza niliiua mwenyewe siku ileile niliyoinunua, kwa sababu ilikuwa imetengenezewa soko la Japani, ambako umeme ni volti 100, nami nikaichomeka kwenye ukuta wetu wa volti 240. Moshi ulitoka kabla sijakaa. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, geuza mashine uchungulie chini au nyuma palipoandikwa volti. Ukikuta 100-240, chukua. Ukikuta 100 au 120 peke yake, utahitaji transfoma, na transfoma nzuri nayo ina bei yake.

Ile ya pili ilinifanyia kazi miaka minne. Lenzi ilipochoka, fundi wa Katwe, Kampala, aliibadilisha mchana mmoja huku nikimtazama. Haikuhitaji intaneti, wala haikuomba ruhusa ya mtu. Ukiweka diski, mchezo unaanza. Nalitamani sana jambo hilo kila ninapoona mashine za leo.

Maana mashine za leo zinauzwa zikiwa nusu. Unanunua mchezo, unaweka diski, unaambiwa usubiri sasisho la makumi ya GB. Huku kwetu tangu Julai 2021 bando la intaneti linatozwa kodi ya asilimia 12, kwa hiyo kila sasisho tunalilipia, na pesa hiyo haimo kwenye bei ya dukani. Kuna PlayStation 5 isiyo na tundu la diski kabisa. Kuna kadi za Nintendo Switch 2 ambazo ndani yake hamna mchezo, mna ruhusa tu ya kwenda kuupakua. Kwa mtu mwenye intaneti ya waya nyumbani si tatizo. Kwa kibanda kinachotumia bando la simu ni hasara ya kila siku, na namsihi yeyote anayeanza asikubali kuuziwa mashine isiyo na tundu la diski hata akipunguziwa bei.

Sasa hitilafu. Hapa ndipo watu hupoteza pesa nyingi, na mimi nimepoteza.

Mwaka wangu wa tano mashine moja ilianza kuganda kila mechi inapofika mapumziko. Fundi mmoja aliniambia ubao wa ndani umekufa, nikamlipa kwa ubao mwingine. Ikaendelea kuganda. Akasema feni, nikalipa feni. Ikaganda vilevile. Siku moja kijana mmoja mteja wangu, mtoto wa kambini, akaniuliza, "Kaka, inaganda kwa kila mtu au kwa huyu anayecheza na timu aliyoihariri?" Sikuwa nimewahi kujiuliza. Tulijaribu timu zisizoguswa, ikaenda mpaka dakika ya tisini. Tulijaribu timu ya taifa, Uganda Cranes, tuliyoitengeneza wenyewe, majina na jezi, ikaganda mapumziko. Faili la timu lilikuwa limeharibika, pengine umeme ulikatika wakati linahifadhiwa. Tulilifuta, tukaitengeneza timu upya, ugonjwa ukaisha. Nilikuwa nimeshalipia ubao na feni bure.

Tangu siku hiyo sipeleki mashine kwa fundi kabla sijabadilisha kitu kimoja kimoja. Diski nyingine, mashine ileile. Diski ileile, mashine nyingine. Pedi nyingine ya kuchezea. Faili jipya. Ninaandika kwenye daftari: saa ngapi, nani alikuwa anacheza, alibonyeza nini, joto lilikuwaje. Kitu kikijirudia palepale kila mara, kwa kawaida ni programu. Kikija ovyo, leo dakika ya tano kesho ya arobaini, shuku joto, umeme au diski iliyochubuka. Na diski za kunakili, ambazo zimejaa mijini, ndizo mama wa nusu ya "hitilafu" ninazoletewa. Simlaumu anayezinunua, lakini asinilaumu mimi mashine ikishindwa kuisoma.

Kwa wenye PlayStation 4: zima kabisa, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukikishikilia mpaka usikie mlio wa pili. Utaingia kwenye hali salama (Safe Mode). Hapo pana chaguo la kujenga upya hifadhidata (Rebuild Database), ambalo halifuti michezo yako na limeniokoa mara nyingi baada ya umeme kukatika. Lakini nunua yu-pi-es hata ndogo, ile betri inayoshikilia mashine umeme ukikatika. Stebolaiza pekee haikusaidii umeme ukiondoka.

Msidhani hitilafu ni za maskini tu wenye mashine za mtumba. Tarehe 1 Machi 2010, PlayStation 3 za mtindo wa zamani ziligoma dunia nzima kwa siku moja. Saa iliyo ndani yake ilidhani 2010 ni mwaka mrefu, ikahesabu Februari kuwa na siku 29. Watu wakakataliwa kuingia mtandaoni, na michezo mingine ikakataa hata kufunguka, mpaka siku ikageuka. Septemba 2021 Konami, watengenezaji wa gemu za mpira, walitoa eFootball 2022 ikiwa na nyuso za wachezaji zilizopinda na mpira unaopita palipo na mguu, na wakalazimika kuomba radhi. Kampuni kubwa, wahandisi wengi, na bado.

Hitilafu yenyewe, basi, siiogopi. Ninachokiogopa ni kukaa na hitilafu nisiyoruhusiwa kuigusa. Mwezi mmoja tu baada ya sakata lile la saa, Aprili 1, 2010, Sony walitoa sasisho namba 3.21 la PlayStation 3. Tangu 2006 mashine ile ilikuwa inamruhusu mwenye nayo kuweka Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, na kuitumia kama kompyuta. Jeshi la Anga la Marekani liliunganisha 1,760 za namna hiyo kutengeneza kompyuta moja kubwa ya utafiti. Sasisho lile likaiondoa ruhusa hiyo, na aliyekataa kusasisha alifungiwa mtandao wa michezo. Mtu ameshalipa, mashine iko sebuleni kwake, na bado mwenye duka ameingia akachukua chumba kimoja. Nilipolisoma jambo hili miaka mingi baadaye liliniuma kana kwamba mashine ilikuwa yangu.

Linaniuma zaidi nikikumbuka kwamba mfumo wa PlayStation 4 umejengwa juu ya FreeBSD, programu huria ambayo watu waliiandika na kuiacha wazi kwa kila mtu. Leseni yake inaruhusu, sisemi waliiba. Lakini kuchota maji kwenye kisima cha kijiji kisha kuyatia kufuli si tabia niliyolelewa nayo.

Programu huria ni nini kwa lugha ya kibanda? Ni programu inayokuja na maandishi yake ya ndani, ukaruhusiwa kuyasoma, kuyabadilisha na kumpa mwenzako. Si lazima iwe ya bure, ingawa nyingi ni za bure. Tunazitumia bila kujua. Wizara ya Afya ya Uganda inakusanya takwimu zake kwa programu ya DHIS2, inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na UgandaEMR inayotunza kumbukumbu za wagonjwa katika vituo vya afya imejengwa juu ya OpenMRS. Vijana wenye simu wanaocheza gemu za PSP, mashine ya mkononi ya Sony, njiani kwenda shule wanatumia PPSSPP, programu inayoifanya simu iige mashine hiyo, nayo ni huria.

Kompyuta yangu ya mezani, kuukuu, niliiwekea Ubuntu, aina moja ya Linux. Jina lenyewe halikuhitaji kufafanuliwa hapa. Mganda anasema obuntu bulamu, sisi tunasema utu. Juu yake nikaweka programu ndogo huria ya kuhesabu muda wa wateja. Ilifanya kazi vizuri mwaka mzima, mpaka Ramadhani.

Kwa kawaida nafunga saa nne usiku. Ramadhani vijana huja baada ya tarawehe na wengine hukaa mpaka karibu na daku. Usiku wa kwanza, mteja aliyeanza saa tano na nusu akamaliza saa sita na dakika ishirini. Amecheza dakika 50. Kompyuta ikaandika hasi dakika 1,390, yaani ikadai mimi ndiye nimlipe yeye. Nilikesha nikihesabu kwa kalamu.

Kesho yake niliichukulia kama nilivyojifunza kwa ile timu ya Cranes. Nikajaribu: kuanza na kumaliza kabla ya saa sita usiku, sawa. Kuanza na kumaliza baada ya saa sita, sawa. Kuvuka saa sita, hasi. Mpwa wangu, anayesoma sekondari na amejifunza mwenyewe Python, lugha ya kuandikia programu, akafungua maandishi ya programu akasema, "Mjomba, inatoa saa ya kuanza kwenye saa ya kumaliza bila kuangalia tarehe." Tukamwandikia mtunzaji wa programu, hatua kwa hatua, na mfano wa dakika zilezile. Sikuandika "haifanyi kazi, tafadhali saidia". Barua ya namna hiyo haimsaidii mtu yeyote. Siku ya pili alijibu akishukuru, siku ya nne toleo lililorekebishwa likawa tayari. Mtu aliye mbali, ambaye sijamlipa hata shilingi.

Hapo mpwa wangu akapata moyo. Wateja wangu walikuwa wakilalamika kwamba skrini inasema 21:00 na wao wanajua ni saa tatu. Watoto walikuwa wanachanganyikiwa na wazazi wao wananijia juu. Akaongeza mpangilio wa saa zetu, ule wa kuanza kuhesabu jua linapochomoza, akautuma. Ukakubaliwa. Leo anayepakua programu ile popote atakuta kwenye mipangilio maneno "Saa za Kiswahili". Kwenye mashine yoyote ya gemu niliyonayo siwezi kubadilisha hata herufi moja ya saa.

Sitaki mtu afikiri huria maana yake salama. Aprili 2014 iligunduliwa hitilafu ya Heartbleed ndani ya OpenSSL, programu huria ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni; ilikuwa imekaa humo miaka miwili, na tovuti nyingi duniani zilikuwa zinaitegemea programu hiyo. Machi 2024 mlango wa siri ulikutwa ndani ya xz, kifaa kidogo cha kubana mafaili kilichomo kwenye Linux nyingi. Aliyeugundua, Andres Freund, alianza kushuku kwa sababu kuingia kwenye kompyuta kulichelewa kama nusu sekunde. Maandishi yakiwa wazi bado anahitajika mtu wa kuyasoma. Lakini Freund aliweza kufuata ile nusu sekunde mpaka chanzo chake. Kwenye mashine iliyofungwa angeishia kunung'unika.

Afande nilimshauri hivi: PlayStation 4 mbili za mtumba zenye tundu la diski, yu-pi-es moja, kompyuta kuukuu ya mezani, na pesa iliyobaki aiweke kwa pedi, maana pedi hufa kwanza. Anunue akiwa ameziona zikiwaka na kusoma diski. Na aangalie namba ya mfumo: iwe 9.00 au zaidi. Kabla ya hapo, betri ndogo ya saa iliyo ndani ikifa na mashine haina mtandao, ilikuwa inaweza kukataa kucheza hata mchezo wa diski. Sony walilirekebisha hilo Septemba 2021, baada ya wachezaji wenyewe kuligundua na kulipigia kelele.

Jumatatu alirudi nazo kwenye boda, zimefungwa kwa blanketi la jeshi. Moja ilikuwa na 8.52. Nilipakua faili la sasisho mara moja, nikalitia kwenye flashi ndani ya folda ya UPDATE iliyo ndani ya folda ya PS4, tukaisasisha bila kuunganisha mtandao. Kijana wake alisimama nyuma yangu akiandika kila hatua kwenye daftari. Jumamosi hii anakuja na flashi nyingine, kuchukua programu ya kuhesabu muda.